Néhémie Ainua Gari kwa Ajili ya Mama Mkwe

Vijana wa Bunia hawana tena haya mbele ya wakwe. Nimemwona mmoja huko mtaa wa Nyakasanza akila ugali sahani moja na mama mkwe wake, wakigombania mfupa, na mama mwenyewe akicheka. Zamani mtu akiona kitenge cha mama mkwe kwa mbali alikuwa anaingia kichakani, hata kikiwa kichaka cha upupu. Nataka kuandika juu ya jirani yangu Néhémie, muuza mbao, kwa sababu yeye aliendelea kuingia kichakani hata baada ya vichaka vyenyewe kwisha.

Néhémie si mzaliwa wa hapa. Alitoka Butembo akiwa kijana, akaanza kuuza mbao za Mambasa, akamwoa Estelle, binti wa wafuga ng'ombe wa upande wa Fataki. Siku ya mahari wazee wa Estelle walimweleza: mama mkwe haguswi, hatazamwi usoni, na mkwe hali mbele yake. Walimweleza mara moja tu, na nadhani wao wenyewe walisahau kabla ya jioni. Néhémie hakusahau. Kila mara mama mkwe wake, Mama Domitille, alipokuja Bunia, yeye alihamia kwangu na godoro lake kichwani. Safari moja mama alikuja bila kutangaza. Néhémie akataka kutoka kwa dirisha la jikoni, na tumbo likakwama. Mama akasimama sebuleni akiuliza ni nani anayelia kule nyuma. Wajukuu wakamwambia ni mbuzi.

"Huyo mbuzi iko na adabu kupita batu ya hapa," mama akajibu, kisha akaketi.

Mwaka huu binti wa kwanza wa Néhémie, Patience, alipata mchumba. Katika ukoo wa mama yake, bibi arusi hatoki nyumbani kwenda kanisani mpaka bibi yake ampake samli ya ng'ombe wa kwao kichwani. Patience ni muuguzi, ana simu mbili, na nywele zake zilisukwa siku nzima. Nilidhani ataona mambo ya samli kuwa ushamba. Nilikosea.

"Papa," alimwambia baba yake mbele yangu, "kama koko hayuko wa kunipaka samli, miye siendi kanisa. Utaenda kuoa weye."

Sasa mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima, na malori ya ng'ombe na viazi yalikuwa yamechimba barabara ya Fataki mpaka gari la kawaida lilikuwa linakaa juu ya tumbo lake, magurudumu yakizunguka hewani. Mama Domitille goti linamsumbua, na pikipiki hataki kuisikia. Alituma neno kwamba katika umri wake hawezi kukumbatia mgongo wa mwanamume asiyemjua.

Néhémie ana Land Cruiser ya zamani. Lilikuwa limeinuliwa tayari: fundi Donatien alilichomekea vyuma vya lori lililokufa, likapanda juu, lakini magurudumu yalibaki yale yale membamba, likaonekana kama kuku aliyenyolewa miguu. Néhémie akapata magurudumu manne makubwa ya mradi mmoja uliofunga milango, akayaviringisha mtaani, watoto wakimfuata kama wanafuata tarumbeta za fanfari.

Donatien ni kwado, mtu wa kuziba na kufunga magurudumu, mwenye mdomo usiopumzika. Aliinua gari kwa kriki, akaweka magogo chini yake, akafungua boloni za magurudumu huku akiitukana kutu kwa lugha nne. Gurudumu la kwanza likaingia. Tukashangilia. Néhémie akazungusha usukani, na gurudumu likang'ata bati.

"Iko nakula gari," Donatien akasema.

"Ikule," Néhémie akajibu. "Kata."

"Nikate gari ya muzima?"

"Donatien, mutoto yangu iko nangoja samli. Kata."

Akakata bati kwa patasi na nyundo, vipande vikiruka, na mabibi wa jirani wakaja wakachukua vipande hivyo kwa kufunikia sufuria. Gari lilipotelemshwa chini, halikuonekana kutelemka. Lilibaki huko juu. Mimi, ambaye sijasifu kitu chochote kilichotengenezwa baada ya wafanyabiashara Wagiriki wa hapa mjini kufunga maduka yao, nilijikuta nalizunguka nikiligonga kwa fimbo na kucheka peke yangu. Tulilipitisha katika dimbwi la mtaa wetu, lile lililomeza teksi, na maji hayakufika hata mlangoni. Néhémie akarudi akalipitisha tena, bila sababu yoyote.

Ijumaa, siku moja kabla ya arusi, tukaondoka: Néhémie, wadogo zake wawili, na mimi, maana msafara unaokwenda kumchukua mama lazima uwe na mzee. Estelle alibaki na sufuria zake. Njiani tuliyapita malori yaliyokwama, na madereva wake waliokaa juu ya mizigo wakatupigia makofi. Tulipanda mashimo kama mbuzi. Mdogo mmoja aliimba njia yote, wimbo wenye maneno mawili, na mimi nikamsaidia neno la pili.

Tulilala kwa jirani wa mama, na asubuhi na mapema tukasimamisha gari mbele ya kwake. Wanawe walikuwa wametangulia Bunia kwa pikipiki. Mama Domitille akatoka na mwavuli, viatu vya kanisa, na chupa ya samli kifuani. Néhémie alikuwa amefungua mlango wa nyuma, akawa anaushikilia kwa mkono mmoja kwa nyuma, uso wake ameuelekeza kwenye mkaratusi. Aliusalimia ule mti kwa heshima kubwa.

Mama akafika. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kifua chake.

Tulikuwa tumepima matope, tumepima bati, hakuna aliyempima mama. Mkwe hawezi kumgusa. Wadogo wa mkwe nao ni wakwe. Nikabaki mimi. Nikakunja mikono ya shati.

Mama akaitazama miguu yangu. "Weye, ndugu yangu, utainua miye? Tutaanguka siye wawili, na batasema tulikuwa tunafanya nini."

Majirani wakaleta kiti. Kikazama kwenye tope mpaka pahali pa kukalia. Mabibi watatu wakajaribu kumsukuma kwa nyuma, lakini mmoja alianza kucheka, ikawaambukiza wengine, wakakaa chini wote kwenye majani wakijifuta machozi. Néhémie, bado anautazama mkaratusi, akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "Muzee, ambia mama tutakata na miguu ya gari."

"Mwambie ule kijana asikate kitu tena," mama akajibu. "Bale ngombe ya soko banapandaka namna gani?"

Penye soko la ng'ombe kuna kilima cha udongo na magogo, ambacho ng'ombe hupanda ili waingie kwenye malori. Nilisema hapana. Nilisema mama wa watu hapandishwi pahali pa ng'ombe, kwamba tumefika mwisho wa dunia. Nilipomaliza kusema, mama alikuwa ameshafika sokoni, na Néhémie analisogeza gari kando ya kilima.

Alisimama kwenye mstari nyuma ya fahali mwekundu, mwavuli juu. Mchungaji wa ng'ombe akamwuliza, "Mama, weye unaenda kwa bei gani?"

"Batu ya kuweza kulipa bote balishakufa," akajibu, akapanda kilima polepole kama malkia, akaingia garini bila hata kuinua mguu.

Njiani Néhémie alitundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na kioo cha kutazama nyuma akakigeuza kikatazama paa. Mimi nilikaa kando yake nikawa redio.

"Mwambie mwenye kushika volan ya gari, miye si gunia ya makala ya kupikia."

"Anasema yeye si gunia ya makala."

"Nimesikia, muzee," Néhémie akanong'ona.

"Mwambie hata hivyo."

Tulifika Bunia kengele ya kwanza ikilia. Patience alikuwa uani na gauni jeupe, amekunja ndita, na watu wa kwa mchumba walikuwa wanatazama saa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba uani kwa Néhémie hakuna kilima cha ng'ombe. Watu wakaanza kuita meza, wakaita benchi, wakamwita Donatien aje atoe hewa kwenye magurudumu.

"Acheni hewa kwa pahali yake," Mama Domitille akasema. "Patience, sogea."

Patience akasogea mpaka mlangoni. Kichwa chake kilifika hasa pale mkono wa bibi yake ulipokuwa, juu ya goti. Hakuinama, na mama hakuinuka. Mama akafungua chupa, akaichota samli, akampaka taratibu kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Msusi aliyekuwa amezisuka nywele zile alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Samli ikatiririka kwenye misuko, na Patience akacheka kwa kelele, na Estelle akapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu.

Mama hakushuka siku ile. Alikwenda kanisani garini, akarudi karamuni garini, akasalimiwa kama askofu na kila aliyepita. Chakula chake kilipandishwa. Nikamtafuta Néhémie nimpelekee sahani, nikidhani amejificha kwangu. Alikuwa ameketi chini, upande wa pili wa gari, mgongo kwenye gurudumu, anakula wali na nyama ya ng'ombe pale pale mama mkwe wake alipokuwa anakula.

"Iko nakula, ule kijana?" mama akaniuliza kutoka juu.

"Anakula, mama."

"Simuone," akasema, akaridhika.

Ni kweli hakumwona. Lile gurudumu lilikuwa kubwa vya kutosha.