Cucu Alipokatazwa Kutembea

Mwezi uliopita nilimpeleka mama zahanati hapa Ruiru kwa sababu alikuwa akilalamikia kichwa. Muuguzi alimpima presha, akampima tena, kisha akamdunga kidole kuangalia sukari. Presha ilikuwa imepanda. Sukari ilikuwa mpakani, bado si ugonjwa, lakini alisema tusicheze nayo.

"Mama, siku hizi unatembea?" akauliza.

Mama alinitazama kwanza. "Nitembee niende wapi, daktari? Watoto wangu wamenikataza."

Ni kweli, tulimkataza. Tangu astaafu, mimi na kaka yangu tulimtafutia msichana wa kumpikia na kufua. Mboga huletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Kile kishamba chake cha mboga za terere kando ya reli tulimwambia akiache, jua ni kali na amefanya kazi ya kutosha. Tulidhani huko ndiko kumtunza mzazi. Pale zahanati nilishikwa na aibu, rafiki yangu, maana niliwahi kuyaona haya yote nikiwa na miaka tisa, huko Thika. Na wakati ule aliyekuwa akikataza alikuwa mama mwenyewe.

Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, karibu na viwanda, mahali ambapo upepo ukigeuka ulituletea harufu ya mananasi yakichemshwa, tamu mpaka tumbo likaguna. Mama alifanya kazi ya zamu kiwandani. Aliyetulea ni cucu, mama yake, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka. Asubuhi alitupa uji wa wimbi usio na sukari, na tukikunja uso alisema tu, "Ulimi utazoea." Alituchemshia nduma na viazi vitamu, nasi tukiwaonea wivu watoto wa mkate mweupe. Chumvi aliitia kwa ncha za vidole viwili, kana kwamba ameiazima. Chakula cha jioni kililiwa kukiwa bado na mwanga, na baada ya kula hakuna aliyeruhusiwa kulala kabla ya kuosha vyombo na kufagia uwanja.

King'ora cha kiwanda kikilia asubuhi, jirani yetu alikuwa tayari yuko langoni. Alikuwa mjane wa Kihindi ambaye zamani aliuza vitambaa mjini, na ingawa duka lilikuwa limefungwa, mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Duka. Alivaa sari na raba nyeupe. Yeye na cucu walienda sokoni kwa miguu kila siku, hata siku ambayo hakuna cha kununua, wakibishana njia nzima kama ndengu ni bora kuliko githeri. Sauti zao zilitangulia kufika nyumbani kabla yao.

Kisha asubuhi moja ya mvua cucu aliteleza njiani akategua mkono. Mama aliporudi kutoka kazini na kuuona umefungwa bendeji, alimketisha papo hapo. Tangu siku hiyo ikawa sheria: cucu asishike ndoo, asiende sokoni, akae kwenye kochi jipya lililonunuliwa kwa ajili yake. "Amelea watoto sita. Sasa ni zamu yake kuhudumiwa," mama alisema, na majirani wakamsifu kwa kuwa binti mwenye heshima. Shule zilipofungwa, mimi nikawekwa kuwa mlinzi. "Akitoka nje ya lango, nitakuuliza wewe."

Mkono ulipona. Cucu hakupona. Miguu ilianza kumvimba. Kuinuka kochini ilibidi nimvute, naye akicheka mwanzoni, baadaye bila kucheka. Akawa anasinzia mchana na kukesha akigeuka kitandani. Alipopelekwa kliniki presha yake ilikuwa juu kuliko miaka yote, akaongezewa vidonge. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba aliacha kubishana. Ukimuuliza anataka nini, alisema, "Chochote tu."

Asubuhi moja Mama Duka hakuishia langoni. Aliingia mpaka mlangoni.

"Cucu yuko?"

"Yuko, lakini anapumzika."

"Anapumzika tangu ile mvua? Nini imemchosha hivyo?"

Cucu akaitikia kutoka ndani, "Mama Duka, wacha kelele. Miguu yangu imestaafu."

"Mimi nilifunga duka, sikufunga magoti! Toka huko, we mama. Nabishana na nani mimi, na mbwa wa barabarani?"

Nilisikia cucu akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akajaribu kuinuka mwenyewe, akarudi chini, akajaribu tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na maneno ya mama kichwani. Nikasogea, nikamletea viatu.

Siku ya kwanza walifika kwenye kibanda cha kinyozi tu, cucu akakaa juu ya jiwe akihema, akageuka kurudi. Siku iliyofuata walikipita kidogo. Mimi niliwafuata nyuma, mlinzi asiyelinda kitu. Sikumwambia mama. Uvimbe ulipungua polepole, na jioni moja cucu akaulalamikia mchuzi: chumvi imezidi. Nilifurahi kama mtu aliyepata zawadi.

Wiki ya tano tulikutana na mama uso kwa uso sokoni, ametoka zamu mapema. Alimwona mama yake amesimama na Mama Duka mbele ya muuza mboga za managu, akimkemea kwa bei. Akanigeukia mimi kwa macho makali.

"Usimguse mtoto," cucu akasema. "Ukitaka kuniheshimu, mwanangu, niachie kitu cha kufanya."

Mama alinyoosha mkono achukue kiondo cha mboga, cucu akakivuta upande wa pili. Tulirudi nyumbani wote wanne, mama nyuma kabisa, akijifuta macho kwa leso. Hakumkataza tena. Vidonge cucu aliendelea kuvimeza, na kila mwezi alienda kupimwa kwa miguu yake mwenyewe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Leo njia ile imemezwa na magorofa. Mama Duka alihamia kwa mwanawe ng'ambo, akafia huko, na watoto wa sasa wa mtaa ule hawajawahi kuona wanawake wawili wakibishana kilomita nzima bila kukasirikiana. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko yote.

Tulipotoka zahanati nilimpigia kaka.

"Mama anarudi kwenye kishamba chake."

"Wee! Na akianguka?"

"Tutamwinua. Unakumbuka cucu kwenye lile kochi?"

Akasema Jumamosi atakuja na jembe jepesi, lile la zamani ni zito.

Mama alikuwa amesikia yote. Bodaboda tatu zilitusogelea, wenyewe wakitupungia mikono. Alizipita bila kuziangalia, akashika njia ya reli, na ilibidi nikimbie kidogo kumfikia.