Salamu Iliyombwaga Sayi

Renatus alisema ameteleza. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, pale mapokezi, nesi alipouliza mgonjwa kapatwa na nini. "Ameteleza, nesi. Sakafu ilikuwa na maji." Maji gani, jamani? Mwezi wa tisa huo, Tabora nzima vumbi mpaka kwenye kope, na mtu mzima anasema maji! Lakini nesi aliandika, na Levina alikuwa amesimama hapo hapo akasikia.

Levina ni mke wa Sayi, na Sayi ndiye aliyekuwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho darini, mkono wa kulia umelala tu ubavuni. Aliambiwa akunje vidole, akasema, "Si hivi navikunja?" Vidole havikusogea. Levina aliviangalia vile vidole, akamwangalia Renatus, akaviangalia tena. Sayi ni fundi mwashi. Mkono huo ndio unaoshika mwiko, na nyumba nzima inakula kwa mkono huo.

Renatus mwenyewe ni fundi baiskeli, mtaa wa Kanyenye. Lakini Jumamosi jioni haitwi fundi, anaitwa mwalimu. Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Huzefa kuna uwanja wa saruji, na Huzefa huwaachia bure, ila wasimvunjie vigae. Hapo hukusanyika waashi, madereva wa bajaji, muuza nyanya mmoja na karani wa mahakama, wakajipanga mistari na kufanya fomu. Fomu ni mfululizo wa miondoko ya kung fu: unapiga ngumi hewani, unakinga, unageuka, unafagia kwa mguu, mpaka mwisho. Kila mtu peke yake. Hakuna kugusana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ndiyo iliyomfanya Levina akubali mumewe ajiunge. Alikuja mwenyewe dukani kuuliza, mtoto mgongoni, na Renatus akamjibu kwa kujiamini kabisa, "Shemeji, kwangu watu hawagusani. Ni viungo tu na heshima."

Sheria hiyo hakuitunga yeye. Aliirithi kwa mwalimu wake, marehemu Mzee Xavery, aliyekuwa mlinzi wa kambi ya ujenzi wa barabara kule Lusu enzi za ujana wake. Kambini palikuwa na Mchina, fundi mitambo, aliyekuwa akiamka alfajiri kufanya miondoko yake peke yake kando ya magreda. Xavery akawa anasimama nyuma yake na kumfuatisha. Mchina hajui Kiswahili, Xavery hajui Kichina, wakawa wanachekeana tu. Barabara ikaisha, Mchina akaondoka, Xavery akabaki na miondoko isiyo na maelezo. Naye hakuwa mtu wa kumwambia mwanafunzi "sijui". Hii ni ngumi, alisema, hii ni kinga. Alipofika pale mtu anapovuta mikono yote miwili kifuani, anageuka, anashusha goti moja na kuinamisha kichwa, akasema hiyo ni salamu kwa wakubwa.

Na wewe ungesema nini? Mnyamwezi akimwona mtu anashusha goti na kuinama, hana haja ya kuuliza, anajua mkubwa anaamkiwa. Kwa hiyo miaka yote hiyo waliifanya taratibu, kwa adabu, na karani wa mahakama alikuwa akifumba macho kabisa.

Aliyekuwa akihangaika ni Sayi peke yake. Yeye kakulia machungani Usukumani, na machungani vijana hushindana mieleka mpaka ng'ombe wanapotea. Kila wakifika pale alinong'ona, "Mwalimu, huyu mkwe tunayemwamkia katikati ya vita, amekaa wapi?" Watu wanacheka, Renatus anakunja uso, wanaendelea.

Jumamosi hiyo Sayi alitaka kuchekesha zaidi. Walipokaribia salamu akatoka mstarini kimya kimya, akamrukia Renatus kwa nyuma na kumpitishia mkono begani, kama wanavyofanya machungani. Renatus alishtuka. Hakufikiri chochote, mwili ukafanya ulichozoea, ila safari hii haukufanya taratibu. Mikono ikaudaka mkono wa Sayi na kuuvutia kifuani, kiuno kikageuka, goti likashuka. Sayi, mwanamume wa kilo zake, akapita juu ya bega lake na kutua kwenye saruji. Kikasikika kitu, na baada ya hapo hakuna aliyecheka. Kwa woga na ujinga walimwinua wakamkalisha kwenye bajaji, mpaka hospitali.

Sasa daktari alikuwa amefika, binti mdogo ambaye Renatus angeweza kumzaa, lakini alivyokuwa amechanganyikiwa alimpa shikamoo.

"Ameteleza akaangukia nini?" daktari akauliza. "Bega au kichwa?"

Sayi ndiye aliyejibu, bila kugeuza macho. "Bega, daktari. Nimeteleza tu."

Alikuwa anamfichia Renatus! Daktari akasema huenda bega limetoka, basi wamkalishe amwangalie vizuri. Levina akapitisha mkono chini ya shingo ya mumewe ili amwinue.

"Msimwinue!" Renatus alipiga kelele mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Hakuteleza. Mimi nimemtupa. Alitua kwa shingo."

Levina hakutoa mkono. Aliuacha pale pale, hauendi juu wala chini. Daktari akausogeza yeye, polepole, akakishika kichwa cha Sayi kwa mikono miwili na kumwambia nesi alete kola ya shingo haraka.

"Umemtupa vipi?" akauliza. "Nionyeshe. Nataka kujua shingo ilikunjikia upande gani. Usinifiche tena, mzee wangu."

Renatus akasimama kati ya vitanda viwili. Akavuta mikono kifuani, akageuka, akashusha goti taratibu kama alivyofundishwa. "Alikuwa mgongoni, hapa. Mkono wake hapa. Nilipogeuka akaja juu ya bega la kulia, na nilipoinamisha kichwa…"

Kichwa kilikuwa kimeinama, na ndipo akaelewa kwa nini kinainama. Kinampisha mtu apite. Goti linashuka ili uzito wake ukose pa kushikia. Mikono inakwenda kifuani kwa sababu ndani yake una mkono wa mwenzio. Hapakuwa na salamu yoyote pale. Na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, Renatus alifurahi. Alifurahi kweli kweli, rafiki yake akiwa amelala nyuma yake hajui kama ana mkono au hana.

"Endelea," daktari akasema.

"Kichwa chake kilitangulia," alisema, na furaha ikamwisha.

Walimpeleka Sayi kupigwa picha. Renatus na Levina wakabaki kwenye benchi la korido, mmoja huku, mwingine kule.

"Uliniambia hamgusani," Levina alisema.

"Ndivyo nilivyoambiwa na mimi, shemeji."

"Na maji, uliambiwa na nani?"

Renatus alikaa akibana mikono mapajani, kwa sababu kila akiiachia, kichwa kilianza fomu upya bila yeye kutaka, na sasa kila mwondoko ulikuwa na mtu ndani yake. Kule kufagia kwa mguu kulikuwa kunangoja kisigino cha mtu. Ile waliyoiita kufungua pazia ilikuwa inamshika mtu ukosi na kumyumbisha. Nusu ya fomu ilikuwa mieleka, na yeye aliigawa bila kujua, kwa watu wazima wanaokwenda nayo nyumbani kuwaonyesha watoto wao sebuleni. Nani mwingine amerukiwa mgongoni kwa utani? Alitaka kukimbia mlango hadi mlango kuwaonya, na alitaka vilevile kuijaribu tena aone kiuno kinakwenda wapi. Akajiona mtu mbaya.

Picha ilionyesha mfupa wa shingo umepata ufa, lakini haukuhama. Daktari alieleza kwamba kama wangemkalisha ungeweza kuhama. Kuhusu mkono hakutaka kudanganya. Mishipa imevutika, unaweza kurudi, unaweza usirudi. Wasubiri.

Kesho yake Renatus alikuja na chupa ya uji. Levina aliupokea bila kumtazama. Sayi alikuwa ndani ya kola mpaka kidevuni, anatazama dari ile ile, uso umemlegea kwa kukosa usingizi. Renatus akataka kuomba radhi, maneno aliyoyapanga njia nzima, lakini mgonjwa alimwahi.

"Mwalimu," akanong'ona. "Lile goti ulilishusha kabla hujanivuta, au baada?"

Renatus akamtazama Levina. Levina alikuwa ameshika kijiko, mdomo wazi kwa hasira.

"Nyie mna akili kweli? Shingo imevunjika, mkono umekufa, bado mnaulizana goti?"

"Sijui, Sayi," Renatus akasema haraka. "Tuyaache hayo. Sifundishi tena."

"Usinidanganye na wewe. Tangu jana nalala hapa nafikiria." Sayi alikuwa akihema kwa shida, lakini hanyamazi. "Nilikushika hapa juu, si ndiyo? Wewe ukanidaka chini ya kiwiko, ukanivuta hivi…"

Kijiko kikaanguka sakafuni. Renatus aliinama kukiokota, akamsikia Levina anasema, "Sayi, rudia," kwa sauti ambayo hajawahi kumsikia nayo.

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema hivi. Rudia hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwalimu, njoo. Mwulize tena, mwulize alikushika wapi!"

Juu ya shuka, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinajikunja, kwa shida, vinatafuta mahali pa kushika.