Maradhi Niliyoyapa Jina Jingine

Siku tuliyoambiwa kwamba mke wangu ana saratani ya damu, jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kuuliza atatibiwa vipi, ni kumwomba daktari asilitaje jina la ugonjwa mbele ya dada yangu, aliyekuwa ameketi nje akitungoja. Daktari alinitazama kidogo, akasema hilo ni letu wenyewe. Tulipotoka, dada akauliza kumeonekana nini. Nikamwambia ni upungufu wa damu. Wala sikujihesabu kuwa nimesema uongo. Damu ilikuwa imepungua kweli. Nilichoacha kutaja ni kilichoipunguza.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya binti yetu wa mwisho. Posa ilikuwa imeshaletwa, mahari yameshapatanwa, na watu wa upande wa pili walikuwa wakingoja mfungo uje upite ndoa ifungwe. Huku kwetu Mji wa Kale, maradhi ya mama huulizwa kabla ya tabia ya binti. Tangu nikiwa mdogo nimesikia watu wakikatazwa kuoa nyumba fulani kwa kuwa kwao wana kifua, au kwao wana wazimu. Nikaona nikisema saratani, tena ya damu, mtoto atarudishiwa posa. Mke wangu hakuafiki. Alisema kama watamwacha binti yake kwa maradhi ya mamake, basi wamwache mapema. Nikamwambia yeye ashughulike na kupona, mambo ya nje aniachie mimi. Maisha yetu yote nimekuwa nikimwambia aniachie mambo ya nje.

Alilazwa, akatiwa dawa ya kwanza ya kemo kwa dripu, na siku ya kuruhusiwa muuguzi akatuketisha kutufundisha. Alikuwa mama wa Kigiriama mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Dawa hii, alisema, huua chembe mbaya na nzuri pamoja, kwa hivyo mgonjwa hubaki siku nyingi hana kinga, na mafua ya mtu mwingine yanaweza kumuua. Wageni wasiingie. Asile kitu kibichi, asinywe maji ya matunda yaliyokamuliwa nyumba nyingine. Nilikubali kila neno kwa kichwa. Muuguzi akaridhika nami.

Hatujafika nyumbani, habari imetutangulia. Mtaani kwetu mgonjwa asipozuriwa husemwa kwamba ametupwa, na mwenye kumzuia mzuru husemwa vibaya zaidi. Kama ningesema ukweli, watu wangefahamu kwa nini mlango umefungwa. Lakini ni nani aliyepata kusikia mtu wa upungufu wa damu akifungiwa ndani kama mwali?

Tena upungufu wa damu kila mtu anaijua dawa yake. Asubuhi ya kwanza ikaletwa chupa ya maji ya bitiruti, mabichi, yamekamuliwa alfajiri. Ikafuata ya mchicha. Jirani wa mkono wa kulia akaleta ya makomamanga, na shoga yake mke wangu, mke wa muuza vitambaa wa Kibohora, akatuma zote tatu zimechanganywa. Nilikuwa nikizipokea mlangoni, nikienda kuzimwaga jikoni, nikiosha chupa na kuzirudisha kwa shukrani: amekunywa yote, ameipenda sana. Kesho yake zikija mbili mbili. Jiko letu lilibaki jekundu kama machinjio.

Mke wangu, juu ghorofani kitandani, alikuwa akisikia kila hodi.

"Nimekuwa taa ya chemli," aliniambia. "Kila mmoja aja na mafuta yake. Waambie, bwana. Neno moja tu, upumzike wewe, nipumzike na mimi."

Sikuwaambia. Niliwaambia amelala. Waliorudi niliwaambia anasali, na waliorudi tena niliwaambia anaoga. Jirani mmoja, mzee mwenzangu tuliyekuwa makarani pamoja bandarini, aliketi barazani pangu akanisikiliza nikiwafukuza akina mama watatu, halafu akaniuliza taratibu, "Mwenzangu, huyu mkeo aoga mara ngapi kwa siku? Hata samaki changu haogi hivyo." Nilimkasirikia mno. Nilikuwa nawakasirikia wote, kwa huruma yao, kwa chupa zao, kwa kutoelewa jambo nililokuwa nikilificha kwa nguvu zangu zote wasilielewe.

Siku ya tisa akaja dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na mke wangu ni wifi yake kwa jina tu. Wao ni mtu na mdogo wake. Alikuja kwa miguu kutoka kwake Majengo, katika jua, na nilimsikia akikohoa kabla sijamwona. Nilisimama mlangoni nikitafuta la kusema. Amelala? Angengoja aamke. Anaoga? Angepanda amsugue mgongo. Kwake yeye kulikuwa na neno moja tu la kumzuia, na neno lenyewe nilikuwa nimelikataza hata kwa daktari. Nikasogea, akapita.

Alimkumbatia. Alimbusu mashavu na mikono, akamfuta uso kwa ncha ya leso yake, akageuka pembeni kukohoa, akarudi kumkumbatia. Mke wangu alinitazama juu ya bega la dada. Alikuwa akiningoja mimi niseme. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Dada, utakunywa chai?"

Siku ya nne baada ya dada kuja, homa ikapanda. Tulimrudisha hospitali akipumua kama mtu aliyepandishwa mlima, mapafu yameingia maji. Daktari akasema dawa ya pili haiwezi kutiwa katika hali hiyo, na maradhi yenyewe hayangoji. Basi tukakaa hivyo, mapafu yapone kwanza au damu ituwahi. Muuguzi wa Kigiriama aliniuliza kama kuna mgonjwa aliyeingia nyumbani. Nikamwambia ndiyo. Aliandika, hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Dada alikuja hospitali siku ya pili yake. Juu ya mlango wa wadi kulikuwa na kibao chenye neno saratani, na dada anajua kusoma.

"Humu ndimo mnamolazwa watu wa upungufu wa damu?"

Nikamwambia yote, hapo hapo ukutani, watu wakipita.

"Nilikuwa nakohoa," akasema. "Ulinisikia nakohoa."

"Nilikusikia."

"Ukanipa chai."

"Nilikupa."

"Ungenambia kaa nje, ningekaa nje mwaka mzima, ningemwombea dua nikiwa barabarani. Umenifanya nimpelekee wifi yangu mauti, na mimi nadhani nampelekea mapenzi."

Nilisema nilikuwa nikimlinda mtoto. Akaniambia nisimtie mtoto katika hilo, akaenda kukaa kwenye benchi la mbali, barakoa usoni, mpaka jioni.

Mapafu yalipona kwanza. Kemo ikaanza tena, ikaendelea hadi mwisho, na hivi sasa daktari anasema damu ni safi, turudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Nilimuuliza mara moja kama zile wiki zilizopotea zina deni lake mbele. Akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Kuhusu wakwe, walikuwa wanajua tangu juma la kwanza. Mmoja wao hufanya kazi maabara ya hospitali ile ile. Hawakusema, kwa kuona haya kuniumbua, na harusi ilifanyika kama ilivyopangwa. Hilo likinijia huwa natamani kujipiga kofi.

Dada hakuninunia. Afadhali angeninunia. Hunipigia simu kila asubuhi kuuliza hali ya wifi yake. Mimi humwambia hajambo, amelala vyema, amekula mkate na chai, na siku hizi kila neno ninalomwambia ni kweli tupu. Hunisikiliza mpaka nimalize.

"Haya," husema, "sasa mpe simu mwenyewe."