Baridi ya Dubai

Nikiri mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi: mimi ndiye yule dereva aliyewapangisha watu wa Njombe foleni ili waonje baridi. Njombe, jamani, tena mwezi wa sita, wakati asubuhi ukitoka nje unakuta sakitu imelala juu ya majani kama mtu kamwaga unga, na ng'ombe wanatoa moshi puani. Huko ndiko nilikopeleka baridi. Miaka imepita, wengi waliokuwepo siku ile wameshatangulia mbele ya haki, lakini mpaka leo nikipita sokoni pale kuna mzee mmoja muuza majembe ambaye hanisalimii kama watu wengine, yeye ananiuliza tu, "Zakaria, leo umetuletea ya wapi?"

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Tulikuwa tumetoka kwenye kupanga mstari kwa ajili ya sabuni, sukari kwa kibali, na shati moja la Krismasi linavaliwa mpaka Krismasi ya tatu, halafu ghafla, kama mtu kafungua mlango uliokuwa umekwama, Makambako ikajaa vitu. Mitumba inamwagwa chini kwenye maturubai, redio kaseti zinapiga kila duka muziki wake, malori yanapaki mpaka mbele ya nyumba za wageni, na watu wametoka kila mkoa kuja kutafuta maisha pale njia panda. Mimi nilikuwa dereva wa Hajji Mbaruku, mfanyabiashara wa mbao na mahindi, mtu wa Pangani aliyekuja Makambako kwa wiki mbili akakaa miaka thelathini. Nilimwendeshea lori la mbao, zee, ambalo usiku tulikuwa tunalipaki kwenye mteremko ili asubuhi liwake kwa kuserereka. (Likumbukeni hilo lori, maana ndilo lililoniharibu akili.)

Basi siku moja Hajji akarudi kutoka Dar na gari dogo jeupe lililopitia Dubai. Wee! Vioo vinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Chini kuna pedeli mbili tu, ya mafuta na ya breki, klachi hakuna, gia linajibadilishia lenyewe. Na lilikuwa na kiyoyozi. Wafanyabiashara wenzake walikuja dukani, wanaingiza mkono dirishani, wanauweka kwenye matundu ya mbele, wanautoa wanautazama, wanasema "Mashallah." Hajji akanikabidhi ufunguo akaniambia, "Zakaria, hili si lori. Usilizoee."

Mimi nikalizoea kwa wiki mbili.

Sasa mdogo wangu Luiza alikuwa anaolewa. Nyumbani kwetu Njombe tulibaki hai watoto wawili tu, mimi na yeye, na baba alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kama mzazi wa kiume. Bwana harusi, Festo, alikuwa fundi wa reli, yuko Dar, likizo yake inaisha. Mpango ulikuwa ibada asubuhi kanisani kwetu kwa Walutheri, kisha chakula, halafu saa tisa niwachukue maharusi niwapeleke Makambako wakapande treni ya jioni. Mizigo yao yote, godoro, masufuria, magunia ya viazi, ilishatangulia stesheni. Festo alikuwa na pasi ya reli, na treni nyingine ilikuwa mpaka baada ya siku tatu, wakati kazini anatakiwa keshokutwa yake. Nikamwendea Hajji, nikamwomba gari. Akanywa kahawa yake yote, akasema, "Mpeleke dada yako kwa heshima." Nilimwahidi Luiza kwamba ataondoka Njombe kama hajawahi kuondoka mtu, na kwamba nitamshika mkono mpaka mlangoni mwa behewa.

Ibada ikaenda vizuri. Luiza alipendeza mpaka mama akawa hamwangalii, anaangalia chini. Tukatoka, watu wakakaa uani kwa kanisa wanakula pilau, na hapo ndipo shangazi yangu Melania, mwanamke wa sauti kubwa ambaye akinong'ona watu wa ng'ambo ya bonde wanajibu, akaja kwenye gari na sahani yake mkononi.

"Zakaria, ni kweli lina baridi ndani?"

"Ni kweli, shangazi."

"Hebu."

Ningeweza kusema tutachelewa. Ningeweza kuwasha injini kama mtu mwenye akili. Lakini Hajji alikuwa amenipimia petroli ya kwenda na kurudi, nami nikajiambia, kwa nini niunguze mafuta wakati gari limesimama? Nikazungusha ufunguo nusu tu, taa zikawaka, nikabonyeza kitufe cha kiyoyozi, upepo ukaanza kupuliza vuuu. Nikamketisha shangazi mbele. Akaweka uso kwenye matundu, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo, halafu akanigeukia.

"Mbona kama baridi ya hapa nje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa kujivuna, "Shangazi, hii ni baridi ya Dubai."

Basi! Neno likatembea ua mzima. Baridi ya Dubai! Wakaja wazee wa kanisa na makoti yao mazito, wakaja kina mama wa kwaya na majoho, wakaja mpaka majirani ambao hawakualikwa, nami nikawapanga mstari, wanne wanne, dakika tano tano, nikaweka na kaseti ya kwaya ili wafaidi, na kila kundi linaloingia nalionyesha vioo: vinashuka, vinapanda, vinashuka. Mwalimu wa kwaya, mtu mkali ambaye hajawahi kunisifia tangu nikiwa darasa la kipaimara, alikaa nyuma akajikunja ndani ya joho lake huku meno yanagongana, akasema, "Kwa kweli wenzetu wameendelea." Nilijisikia kama nimekitengeneza mwenyewe kile kiyoyozi.

Ikapita saa moja, ikaenda ya pili. Ile kaseti ikaanza kuimba polepole. Sauti za kina mama zikawa nzito, zikageuka za wanaume, kisha za wanaume waliokunywa ulanzi tangu asubuhi. Nikasema mkanda umechakaa, nikazima redio. Upepo nikauacha.

Saa tisa ikafika. Maharusi wakaletwa, kwaya ikajipanga pande zote mbili ikaanza wimbo wa kuaga, mama akamkumbatia Luiza akalia, shangazi akalia kwa sauti yake, watu wote wakalia. Nikakaa kwenye usukani, nikanyoosha kola, nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikazungusha tena. Tik. Mara ya tatu hata hiyo tik haikuja. Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti wa mwisho, ikanitazama, ikarudia wimbo mwanzo. Nikabonyeza honi sijui kwa nini, ikakohoa kama mgonjwa. Nikataka kupandisha vioo angalau, havipandi, vitatu vimebaki chini kama nilivyoviacha kwenye maonyesho, na wakati huo huo ule ukungu wetu wa mchana ukashuka na manyunyu yake, yakaanza kumwagikia bibi harusi mapajani.

"Kuna nini, kaka?" Luiza akauliza.

"Hakuna kitu. Linajiandaa."

Kwaya ikaimba mara ya tatu. Festo akatazama saa.

Ndipo nikakumbuka lori letu. Nikapiga kelele, "Tusukume! Kuna mteremko!" Na watu wa kwetu kwa kusaidia hawana mfano: wazee, wanakwaya na majoho yao, mwalimu wao akiwa mbele kabisa, wote wakainama nyuma ya gari, "Mojaa, mbili, tatu!", tukatoka uani kwa kanisa, tukashika barabara, gari likaserereka na maharusi ndani huku mimi nakanyaga mafuta na kuvutavuta gia, na nyuma kwaya inakimbia, na haliwaki, haliwaki, mpaka likasimama lenyewe chini kabisa mbele ya soko. Jumamosi. Soko limejaa. Watu wakaacha kupima maharage wakaja kutazama.

Wakati ule tumeinama tunataka kulisukuma tena, lori la viazi lililokuwa linaelekea Makambako likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa, akatazama ndani ya gari langu, akacheka.

"Bwana, hili halina klachi. Hata mkilisukuma mpaka Songea haliwaki."

Nikamuuliza kama ana nyaya za kunishtulia betri. Hana. Fundi pekee wa betri pale mjini, wakaniambia watu wa sokoni, amekwenda msibani Igwachanya, anarudi kesho. Festo alikuwa anatazama saa na kunitazama mimi kwa zamu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Aliyeamua ni Luiza. Alifungua mlango, akavua viatu vyeupe akavishika mkononi, akakunja gauni mpaka magotini, akamsalimu dereva wa lori kwa kilugha chetu, "Baba, kamwene. Tunawahi treni. Una nafasi?" Dereva akashuka mbio akafuta kiti kwa shati lake. Luiza akapanda mbele, Festo na suti yake akapanda juu ya magunia. Nikataka nami kupanda, mguu mmoja uko hewani, nikakumbuka gari la Hajji limekaa katikati ya soko na vioo wazi. Nikashusha mguu.

Luiza akanitazama kutoka juu kule. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Kaka, baki na baridi yako ya Dubai!"

Soko zima likaangua kicheko, kuna mtu alidondosha debe la mahindi. Lori likaondoka. Nilimpungia mkono, lakini moshi ulikuwa mwingi sijui kama aliniona.

Watu wakatawanyika. Nikabaki ndani ya gari, nimeinamia usukani, manyunyu yananiingia kulia na kushoto. Sikuwa nalia, ila kama mtu angenigusa ningelia. Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Alikuwa mama, na blanketi mbili na khanga kadhaa.

"Sogeza hiyo sahani ya shangazi yako nikae," akasema. "Wenzangu wote wameonja, mimi ndiye sijajaribu."

Akaning'iniza khanga madirishani, akanifunika blanketi moja, akajifunika nyingine, akakaa wima kabisa kama mtu anayesafirishwa. Akagusa kiti, akagusa matundu. Akauliza hiki ni cha nini, na hiki, nami nikamweleza kila kitufe ingawa hakuna kilichofanya kazi. Halafu tukamzungumzia Luiza, alivyokuwa mdogo akikataa kulala bila mimi kumhesabia ng'ombe, na mama akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka blanketi likatikisika: "Lakini mwanangu, mwalimu wa kwaya na joho lile!" Tukacheka wote wawili mpaka machozi. Tulikaa hapo hadi giza lilipoanza kuingia, ndipo vijana wa sokoni wakatusaidia kulisogeza gari uani kwa muuza majembe. Mama hakuwahi kupanda gari dogo tena maishani mwake zaidi ya lile, na lile halikuwa linakwenda.

Fundi akaja Jumapili na betri ya kushtulia. Nilimweleza yote, akanisikiliza hadi mwisho kwa upole kama daktari.

"Kiyoyozi kinazungushwa na mkanda wa injini," akasema. "Injini ikilala, nacho kimelala. Kilichokuwa kinapuliza ni feni tu, na feni ndiyo iliyokula betri, ikisaidiwa na redio na vioo vyako."

"Kwa hiyo ile baridi..."

"Ni ya hapa hapa. Ulikuwa unaivuta nje unaiingiza ndani."

Kumbe shangazi Melania alikuwa sahihi kwa sekunde mbili za kwanza!

Makambako nilifika mchana. Hajji alikuwa barazani, na dereva wa viazi alishapita kumpa habari. Akanipa kahawa kwanza. Akasema, "Zakaria, nasikia unawauzia watu wa Njombe baridi. Kwetu Pangani tungekuita mtu anayewauzia wavuvi maji ya chumvi." Hakunifokea. Alinyoosha mkono tu, nikaweka ufunguo, akanipa ule wa lori. Maharusi, akaniambia, waliwahi treni, wameingia behewani treni ikiwa imeshapiga honi, bibi harusi ana udongo wa viazi mpaka kwenye shela. Luiza nilimwona tena baada ya miaka mitatu, ana mtoto mgongoni, nami nilikuwa nimekosa kumshika ule mkono niliomwahidi.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Mwaka jana alikuja kunitembelea na gari lake la haibridi, akalipaki mbele ya nyumba yangu hapa Makambako, tukakaa ndani tunazungumza, injini kimya, kiyoyozi kinavuma. Mimi jasho linanitoka. Akanieleza, "Mjomba, tulia. Hili lina betri kubwa nyuma, ndiyo inayozungusha kiyoyozi chenyewe. Ikishuka, injini inajiwasha, inaichaji, inazima tena." Na kweli, baada ya muda injini ikanguruma yenyewe bila mtu kugusa kitu, ikanyamaza. Nikamwambia nimeelewa, ni maajabu, Mungu awabariki waliolitengeneza, na nikamwomba azime kila kitu tukakae barazani.

Hajanielewa mpaka leo. Lakini mimi niliapa siku ile sokoni, na kiapo hakikusema ni gari la aina gani: likisimama, ninazima, ninachomoa ufunguo, ninashuka. Na kama kuna mtu wangu anasafiri, namsindikiza kwanza mpaka aondoke nikimwona kwa macho yangu, ndipo niwasikilize wanaotaka kuonyeshwa gari.