Kusubiri Mashine Ijibu

Mdogo wangu alizimaliza korosho za mama siku aliyotaka kutuonyesha kazi yake. Mama alikuwa amezibangua za kula nyumbani, ziko kwenye ungo, na yule kijana, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, akazichukua bila kuuliza. Akazipanga mstari mmoja juu ya mkeka pamoja na kunde, zikiwa zimechanganyika, akatupa kanuni moja: popote mtakapoona korosho imefuatwa na kunde upande wa kulia, zibadilisheni nafasi. Tukabadilisha, mama na mimi, mpaka kunde zote zikawa kushoto na korosho zote kulia. Hapakuwa na cha kubadilisha tena. Mama akasema mchezo wenyewe ni wa watoto.

Mdogo wangu akaigeuza kanuni kidogo. Sasa kila mnapobadilisha, ongezeni korosho moja pembeni ya ile iliyohama. Tukaanza na korosho moja na kunde chache mbele yake. Kunde ya kwanza ilipopita, korosho zikawa mbili. Ya pili ilipopita zikawa nne, kisha nane, na mama akaanza kunitazama. Ungo ulibaki mtupu na kunde bado zinasubiri zamu yao.

"Michezo yote miwili ina mwisho," alituambia. "Lakini huu wa pili utawafilisi kabla hamjaufikia. Mimi naandika programu inayozisoma kanuni tu, kabla hujagusa korosho hata moja, ikakwambia kazi haitazidi kiasi gani."

Mama alisema programu ya namna hiyo wapewe wapishi wa harusi, maana hao ndio hawajui kazi itaishia wapi. Tulicheka sana. Jioni tulikula kunde zile zile, na mama aliziita kunde za chuo kikuu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha sekondari Somanga, na bado nilielewa nusu tu. Alinieleza kwamba ukiichimba programu yoyote, chini kabisa utakuta kubadilisha kitu kimoja kwa kingine kwa kufuata kanuni, mpaka pasiwe na cha kubadilishwa. Mashine yake ilitafuta namna ya kukipa kila kitu uzito, kisha ithibitishe kwamba kila badiliko linapunguza uzito ule. Ikifaulu, uzito wa mwanzo unakuonyesha hatua haziwezi kuvuka wapi. Isipofaulu, inaandika kwamba haijui. Hilo la mwisho lilinifurahisha. Nimekaa na watu wengi kwenye vikao vya shule na sijawahi kumsikia mmoja akikiri hivyo.

Kisha ini la mdogo wangu likaharibika. Madaktari walifanya waliyoyaweza, halafu wakatuambia kwa upole turudi naye nyumbani, na sisi watu wazima tunajua maana ya maneno hayo. Tulimrudisha Kikole, kwenye chumba alichozaliwa. Alikuja na nguo chache na laptopu kuukuu iliyokuwa na betri iliyokufa. Ukichomoa waya, inazimika hapo hapo. Tukaiunga kwenye umeme wa nyumba na kuiwekea betri ya sola ya kushika umeme unapokatika, na kuanzia siku hiyo chumba kile kikawa na mvumo wa feni ya mashine, mchana na usiku.

Alikuwa na kundi moja la kanuni, alilolitunga mwenyewe. Alikwisha kuthibitisha kwamba lazima lifike mwisho. Hatua ngapi ndilo swali. Mwenyewe aliamini kwamba ni kundi pole, la namna ya mchezo wa kwanza, lakini kuamini si kuthibitisha, na alitaka jibu litoke kwenye mashine. Kawaida mashine hizi huwekewa muda. Muda ukiisha bila jibu, kazi inakatwa. Yeye aliutoa. Akasema hii iachwe mpaka ijibu yenyewe.

Nilimuuliza kwa nini ajichoshe, maana mwisho si umeshajulikana kwamba upo.

"Kujua upo si kujua uko umbali gani, dada," alijibu.

Nilimchukia kwa kusema hivyo, huku amelala pale na tumbo limejaa maji. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mama hakuwa na habari na hatua wala uzito, ila aliipenda ile kazi kwa sababu ilimpa la kusema. Kila asubuhi alisimama mlangoni na bakuli la uji. Mama alimwita mwanawe baba, kwa kuwa alipewa jina la babu yangu mzaa mama. "Imejibu, baba?" Naye akajibu, "Bado, mama." Ndipo amuulize alilalaje. Mimi, kwa ukali wangu, nilimwambia mama amuulize kwanza habari ya uji. Mama akasema mgonjwa haulizwi uji, hupewa, na swali la mashine ndilo analofurahi kuulizwa. Alisema kweli. Mdogo wangu alitabasamu kwa swali lile hata siku ambazo hakuweza kumeza kitu.

Macho yalipoanza kumsumbua alinipa mimi kazi ya kutazama. Alinifundisha mstari wa kuandika ili kuianzisha, endapo itazimika, na akanionya kwamba ikizimika huanza upya, haikumbuki ilikofikia. Kisha akanishika mkono.

"Likitoka jibu, unisomee. Likiwa ni neno sijui, usome hivyo hivyo. Usinipambie."

Nikamwahidi. Niliomba ruhusa shuleni nikahamia Kikole, na nikawa naitazama ile mashine kuliko nilivyowahi kutazama televisheni. Sikuitaka ijibu kwa ajili ya elimu. Niliitaka ijibu ili yeye asikie. Niliiomba, na wakati mwingine niliitukana.

Asubuhi aliyofariki, mama alikuwa jikoni. Mdogo wangu alifumbua macho akaniuliza kwa sauti ndogo kama imejibu. Nikageuka, nikatazama, hakuna kitu. Nikamwambia, "Bado." Akafumba macho kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Mama alipoingia na bakuli mwanawe ameshaondoka. Nimeyafikiria maneno mengi ambayo dada angeweza kumwambia mdogo wake mara ya mwisho, na yote ni mazuri kuliko lile, lakini lile ndilo lililokuwa la kweli na ndilo aliloniomba.

Tulizika baada ya alasiri. Watani wetu walikuwa wamefika, Wamwera wa upande wa Lindi, na wao ndio walioshika jembe na masufuria, kama inavyotakiwa. Sisi wafiwa tunalia, mtani anafanya kazi na anatania. Mtani humwigiza marehemu, huvaa nguo zake, hushika mali yake na kukataa kuiachia mpaka akombolewe. Anachokufanyia mtani msibani hununi. Ukinuna, umevunja kitu kikubwa kuliko huo msiba.

Alikuwepo mama mmoja mtani, muuza samaki wa kukaanga pale Somanga, aliyezoea kuja kumtazama mgonjwa, mtu mzima mwenye sauti nene. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, sisi wanawake tumekaa ndani kwenye mikeka, yeye akaingia chumbani na kutoka amevaa shati la mdogo wangu na miwani yake. Akakaa katikati yetu, akapakata ungo, akaugonga gonga kwa vidole.

"Nyamazeni," akasema. "Mashine inafikiri."

Akaukazia macho ule ungo, akakuna kidevu vile vile alivyokuwa akikikuna marehemu, akaomba uji, akasema bado, akaomba tena, bado. Ukumbi mzima ulicheka. Mama yangu, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na nilimshukuru Mungu kwa kuwaumba watani.

Mtani akainuka, akarudi chumbani akicheza. Akatoka na laptopu kwapani, waya unaburuta nyuma yake. "Hii mateka," akatangaza. "Mkiitaka, jogoo."

Nikasikia kimya cha chumba kile. Sidhani kama kuna mwingine aliyekisikia, kwa vicheko vilivyokuwepo. Kazi yote ile, ya wiki nyingi, ilikuwa imekwisha kwa mkono wa mtu aliyefanya kwa uzuri kabisa kile alichopaswa kufanya. Nilitaka kumrukia. Nilifumba mdomo, nikatabasamu kama mila inavyotaka, nikatoka nyuma ya jiko, na huko ndiko nilikomlilia mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu afariki.

Yule mama alinifuata. Alikuwa bado na miwani. Aliniuliza, na sauti yake haikuwa ya utani, kama kuna jambo ameharibu. Mtani huwa haulizi swali hilo. Sikutaka kumwambia, lakini nilimwambia: kuhusu jibu, kuhusu ahadi, kuhusu kuanza upya. Alivua miwani polepole, akaipangusa kwa shati la mdogo wangu, akanipa.

Matanga yalipoanuliwa aliirudisha laptopu, ameifunga kwa khanga mpya. Tulikuwa tumemshika jogoo tayari. Akasema jogoo wetu tukae naye, akaondoka bila kutania, na hilo liliniumiza kuliko kama angemchukua.

Niliiweka juu ya meza yake. Moyoni nilikuwa nimeamua isiwashwe. Anayesubiri jibu hayupo, na mimi sina akili ya kulitumia. Nilikuwa nakunja waya mama aliposimama mlangoni, mikono mitupu, bila bakuli.

"Mbona umeizima?"

Nikamweleza kwamba ilizimika siku ya mazishi na kwamba haina kazi tena. Akaniambia niiwashe. Sikubishana naye. Nikachomeka waya, nikaandika ule mstari niliofundishwa, na feni ikaanza kuvuma. Mama akasimama akiusikiliza mvumo ule. Wiki zote zile alikuwa akiusikia kutoka jikoni, kutoka kisima cha uani, kutoka kitandani kwake, na ulimjulisha kwamba mwanawe yumo chumbani.

"Ikijibu itanyamaza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Itanyamaza."

"Basi isijibu upesi," akasema, akauvuta mkeka karibu na mlango na kukaa.