Siku Niliyomfokea Mama Mtendaji

Mdomo wangu umenifukuzisha sehemu nyingi, sikatai. Lakini siku ile mjini Singida ndio uliotafutwa, ukaitwa ndani, ukapewa na kiti!

Nilikuwa nauza mitumba Mkiwa, pale njia panda. Ndiyo ile miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, kila mtu kafungua kibanda. Darasa la saba niliishia hapo, lakini kupiga taipu nilijifundisha mwenyewe kwenye mashine kuukuu ya ofisi ya kata. Aliyeniachia ile mashine ni mama mtendaji wa kata yetu. Wengine walikuwa wananiambia toka, utaharibu mali ya serikali. Yeye alisema, "Kaa, ila usinivunjie herufi." Basi kuanzia siku hiyo, ukimsema vibaya mama mtendaji mbele yangu, jiandae.

Sasa ikatoka habari kwamba nchi moja ya jirani imetoka vitani, na wanatafutwa watu wa kwenda kuwasaidia kuanzisha upya serikali za vijiji. Mama mtendaji akaomba. Walioomba wakaitwa Singida kwa majaribio, kumi na wanane, na nafasi zilikuwa tatu tu. Wenzake wana digrii, wana tai, wana mikoba ya ngozi. Yeye alikuwa mwalimu wa UPE, wale wa mafunzo ya harakaharaka, aliyepanda hadi kata, kavaa koti la mtumba nililomuuzia mimi mwenyewe.

Nikapanda naye basi. Nilijifanya naenda kuuza nguo, na kweli nilitandika turubai langu nje ya ukumbi. Ikatokea nikagombana na mteja mmoja aliyesema shati langu lina tundu. Nilimpa maneno mpaka watu wakajaa. Mara akatoka mzee mmoja mrefu, mkufunzi wa ile shughuli, akanitazama weee, akasema, "Kijana, hiyo hasira unaweza kuiwasha tena ukiambiwa?"

"Hasira hii haizimwi, mzee!"

"Njoo ndani."

Kumbe walikuwa wanafanya igizo. Ukumbi ni kijiji kilichotoka vitani, viongozi wamekimbia, na kila muombaji anaingia kama mtendaji mpya. Mkufunzi alisema, "Kule askari wa kulinda amani wapo tele. Hakuna wa kufungua ofisi asubuhi." Mimi nikapewa karatasi: wewe ni kijana uliyekuwa msituni na bunduki, humwamini kiongozi yeyote, na ufunguo wa pampu ya maji ya kijiji unao wewe. Usiutoe mpaka uulizwe. Nikapewa na ufunguo wenyewe, una kutu, nikautia mfukoni.

Jamani nilifaidi! Bwana wa kwanza alianza kusoma sheria, nikamwambia, "Sheria inanyweka?" Wa pili akaahidi shule, zahanati, na barabara. Nikamuuliza barabara ataibeba begani au kichwani. Hadi mchana hakuna aliyeuliza habari ya pampu.

Tukatoka kula. Nimekaa na mama mtendaji kwenye benchi, ugali mbele yetu, ufunguo unaniwasha mfukoni kama kaa la moto. Neno moja tu, apite! Nikafungua mdomo.

"Funga bakuli," akasema, hata hajanitazama.

"Mama, sijasema kitu."

"Ulitaka kusema. Nikishinda kwa mdomo wako, kule nitaenda na mdomo wako? Kula."

Zamu yake ikafika. Akaingia na lile koti. Nikasimama, nimevimba, nimekunja ngumi, nikapumua, na kilichotoka ni, "Shikamoo mama."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mpiganaji wa msituni anaamkia! Mimi na mama mtendaji tangu lini nikamwona bila shikamoo?

Bwana wa barabara, aliyekuwa amekaa na wale waliomaliza zamu zao, akarukia, "Wanajuana hawa! Kapangwa huyo!"

"Nani kapangwa? Njoo hapa useme tena!" Nikavuka benchi mbili. Wallahi ningemfikia.

"Kaa!" Ilikuwa sauti ya mama mtendaji. Nikakaa.

Mkufunzi akakuna kidevu. "Mama, utarudia mara moja. Kijana huyu akikulegezea tena, jina lako nalikata."

Mama mtendaji akaja mpaka nilipo, akaniambia polepole, "Nifokee kweli. Ukinihurumia umenimaliza."

Akatoka nje, akaingia upya. Nikafumba macho, nikayafumbua, nikaanza. Nilimwambia serikali zote ni wezi. Nilimwambia wenzangu wamekufa yeye akiwa amelala. Nilimwambia, "Na wewe umetujia na mtumba, koti la marehemu wa Ulaya, unatuongoza nini?" Koti nililomuuzia mimi! Machozi yalikuwa yananitoka, watu wakadhani naigiza.

Alisubiri mpaka pumzi ikaniishia.

"Umeshakunywa maji leo?"

Nikababaika. "Bado."

"Kwa nini?"

"Pampu imefungwa."

"Kaifunga nani?"

"Mimi."

"Ufunguo uko wapi?"

Nikautoa! Nilitaka kuruka dirishani kwa furaha, nikajikaza. Nikamnyooshea. Hakuupokea.

"Kaa nao," akasema. "Kesho saa moja asubuhi pampu utaifungua wewe. Mimi nitakuja na daftari, tuandike zamu za kuchota. Usichelewe, wamama wataanza kupanga ndoo mapema."

Mkufunzi akaweka kalamu mezani.

Jioni majina yakasomwa. La kwanza, si lake. La pili, si lake. La tatu... nilipiga kelele mpaka mlinzi wa ukumbi akanishika mkono! Hata yule bwana wa barabara alicheka, akanipa mkono. Nikaupokea, lakini kwa shingo upande.

Mama mtendaji alinikuta kwenye turubai langu nafunga nguo, sijui niweke wapi uso.

"Shikamoo mama. Yale maneno..."

"Marahaba. Koti la marehemu, eh?"

"Mama, ilikuwa igizo!"

"Chagua hapo lingine zito zaidi. Nasikia kule kuna baridi."

Nikafungua robota zima palepale, nikamwaga chini. Wiki tatu baadaye alipanda basi pale njia panda Mkiwa. Koti jipya kalikunja mkononi, na lile la marehemu ndilo alilolivaa.