Usingizi wa Pono

Juzi, katika soko la samaki Tanga, mchuuzi alinionyesha pono, samaki wa kijani mwenye mdomo kama wa kasuku. Alisema kiza kikiingia hujibanza kwenye matumbawe, akajizungushia ute kama chandarua, akalala fofofo.

Utotoni, katika kambi ya wakimbizi Ngara, hatukumjua samaki huyo. Mdogo wangu Odeta aliugua malaria. Siku moja Mama alipokwenda kwenye foleni ya maji, alitufungia hemani kwa kamba ya nje ili nisizurure. Mchana huo muuguzi alikuja, akamchoma Odeta sindano, akaniambia, "Muache apumzike. Amelala kama pono." Akatoka, akaifunga tena kamba.

Kiswahili changu kilikuwa kidogo, nikadhani pono ni maiti. Turubai lilinuka moshi na joto. Nilimtikisa Odeta, hakuamka. Niliusukuma mlango mpaka mikono ikauma, nikaita, lakini watu walipita nje wakizungumza mambo yao.

Mama aliporudi nikamwambia, "Muuguzi amesema Odeta ni pono!"

Yeye pia hakulijua neno hilo, nikamwambia ni maiti. Ndoo ilimponyoka, akapiga yowe, majirani wakajaa mlangoni. Odeta akafumbua macho, akamtazama Mama kwa huruma.

"Mama," akauliza, "nani amekufa?"